MASAZO YA SHEREHE: TUYATUPE AU TUYATUMIE?

Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wazazi na vikundi vya akina mama



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau, nalo ni masazo yanayobaki uwanjani baada ya sherehe. Sisemi juu ya wali na nyama, kwa maana masazo hayo yana wenyewe na hayafiki asubuhi. Nasema juu ya chupa tupu, vizibo, mitungi ya mafuta ya kupikia, tepe za mapambo, kadi za mwaliko, vipande vya mishumaa na baluni. Vitu hivi vilinunuliwa kwa fedha, vikatumika kwa saa chache, na kesho yake vikaitwa takataka.

Mniwie radhi nianze na habari ya nyumbani kwetu, ijapokuwa si habari ya kujisifu. Mwaka 2014 dada yangu aliolewa, na arusi yake ilikuwa kubwa. Lango la boma lilipambwa kwa tepe za rangi ya dhahabu, na kila mgeni aliyekuja na zawadi aliileta katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa siku zile mifuko hiyo ilikuwa bado ikitolewa bure madukani. Asubuhi ya pili yake sisi vijana tuliambiwa tusafishe uwanja. Tulikuwa tumechoka, basi tukakusanya kila kitu, tukakimwaga katika korongo nyuma ya boma, tukakitia moto. Kilichoungua kiliungua. Kilichobaki kilichukuliwa na upepo.

Jirani yetu alikuwa mama mjane mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyomlipia mtoto wake karo. Miezi michache baadaye ng'ombe yule alianza kukataa majani. Maziwa yakapungua, akaacha kucheua, akavimba ubavu wa kushoto. Bwana wa mifugo alikuja mara mbili, lakini mnyama alikuwa amekwisha kudhoofika, na siku ya tatu ikabidi achinjwe. Alipopasuliwa, ndani ya tumbo lake tulikuta bonge la mifuko iliyosokotana, kubwa kuliko kichwa cha mtu. Na katikati ya bonge lile ulikuwamo utepe wa rangi ya dhahabu.

Hakuna mtu aliyesema neno. Utepe ule kila mtu aliufahamu, maana kila mtu alikuwa amepita chini yake akiimba.

Wazee walikaa, wakatoa shauri, na baba akampa mama yule mmoja wa mitamba iliyoletwa kwa mahari ya dada yangu. Yule mama alimpokea mtamba kwa adabu, lakini mtamba hakamuliwi kesho. Mtoto wake alikaa nyumbani muhula mzima. Sherehe ilikuwa yetu, na hasara ikawa yake. Tangu siku hiyo siwezi kutazama uwanja wa arusi uliokwisha kutawanyika watu bila kujiuliza vitu vile vinakwenda wapi.

Sasa, Mabibi na Mabwana, msidhani kwamba ninawaletea elimu mpya kutoka ng'ambo. Kutumia tena kitu kilichokwisha kazi yake ni desturi yetu ya zamani. Tazameni debe. Debe lilikuja nchi hizi likiwa limejaa mafuta ya taa. Mafuta yalipokwisha, watu hawakulitupa: walilichotea maji, wakaliezekea paa, wakalifanya kipimo cha mahindi, na hata leo mkulima anauza mahindi yake kwa debe ingawa pengine hajaona mafuta ya taa ndani yake. Tazameni akala, viatu vinavyokatwa kutoka katika magurudumu ya magari yaliyochakaa. Tazameni mafundi wetu wa jua kali, ambao hugeuza pipa kuu kuu kuwa jiko. Kama mababa zetu waliweza kufanya hivyo na bati na mpira, sisi tunashindwaje na chupa na utepe?

Huko Lamu jambo hili limefanywa kwa namna iliyostaajabisha watu wengi. Fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walikusanya takataka za plastiki pamoja na kandambili zilizotupwa pwani, wakaunda jahazi lenye urefu wa mita 9 hivi. Waliliita Flipflopi, na ubavu wake wote ulivikwa vipande vya kandambili vya rangi mbalimbali. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi. Mimi sikuombeni muunde jahazi. Nakuombeni mtazame yale yaliyomo katika kikapu chenu cha takataka, mwone kama hamna humo kitu ambacho mtakwenda kukinunua dukani juma lijalo.

Kabla ya kutaja kazi zenyewe, ningependa kutoa mashauri matatu.

Shauri la kwanza: yafaa vitu vitenganishwe siku ile ile ya sherehe, wala visingoje kesho. Wekeni magunia manne karibu na jiko: moja la chupa na mitungi, moja la vizibo na makopo, moja la karatasi, na moja la vitambaa na tepe. Maganda na mabaki ya chakula yaende katika shimo la mbolea. Kijana mmoja mwaminifu apewe kazi hiyo, naye aheshimiwe kama wanavyoheshimiwa wapishi. Kitu kilicholala nje katika umande, kikakanyagwa na kuchanganyika na mchuzi, hakitamaniki tena. Isitoshe, sheria ya Kenya ya mwaka 2022 juu ya usimamizi wa taka imeagiza zile zinazooza zitengwe na zile zisizooza.

Shauri la pili: chenye bei kiuzwe. Chupa za kioo za soda zirudishwe dukani pamoja na kreti zake, maana zina amana yake. Mahali penye wanunuzi wa plastiki na vyuma kwa kilo, wauzieni. Kazi za mikono ni za vile vinavyobaki baada ya hayo.

Shauri la tatu, nalo ndilo kubwa: msitengeneze kitu ambacho hakitatumika. Nimewahi kuona maua yaliyokatwa kwa chupa za plastiki, yakatundikwa ukutani, yakajaa vumbi, na baada ya miezi mitatu yakatupwa pale pale ambapo chupa zingalitupwa. Hiyo si kazi ya mikono. Hiyo ni takataka iliyokawia njiani. Ulizeni kwanza: ni nani atakayekitumia kitu hiki, na kwa kazi gani? Mkikosa jibu, msipoteze wakati.

Basi na tuanze na mitungi ya mafuta ya kupikia. Chukueni mtungi wa lita 5 wenye mkono, mwuoshe kwa maji ya moto na sabuni. Pasheni msumari moto, mwushike kwa koleo, mkatoboe tundu moja dogo upande wa mbele, kadiri ya upana wa kiganja chini ya kifuniko. Simikeni miti miwili yenye panda karibu na choo, mpitishe fimbo katika mkono wa mtungi, na fimbo hiyo ilale juu ya panda zile. Fungeni kamba shingoni mwa mtungi, na mwisho wa pili wa kamba mwufunge kwenye kijiti kilicholala chini. Maji yatiwe, lakini yasifikie tundu. Mtu akikanyaga kijiti kwa mguu, mtungi huinama, maji hutiririka, naye hunawa bila kuugusa kwa mikono michafu. Wengine hukiita chombo hiki kibuyu chirizi. Tundikeni na kipande cha sabuni kando yake. Nyumba yenye watoto wadogo itaona faida yake, kwa kuwa kunawa mikono kwa sabuni ni kinga kubwa ya ugonjwa wa kuhara.

Chupa ndogo za maji na soda za plastiki zinafaa kuoteshea miche. Zikateni katikati, nusu ya chini mwitoboe matundu matatu au manne kitakoni ili maji yasituame, mkatie udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Pandeni mbegu mbili za sukuma wiki katika kila kikombe. Zikiota, ing'oeni iliyo dhaifu, na baada ya majuma manne hivi au matano mche utakuwa tayari kwenda shambani. Nusu ya juu ya chupa msiitupe, maana ikigeuzwa chini juu ni mrija wa kumiminia mafuta au maziwa.

Vizibo vya chupa ni mali ya watoto, nami sijui ni kwa nini shule nyingi hununua vitu vya kuhesabia ilhali vizibo vimetapakaa kila mahali. Pondeni kingo zake kwa nyundo ili zisikate vidole. Toboeni kila kizibo katikati, mtunge 10 katika waya mmoja, na nyaya 10 mzikaze katika fremu ya mbao. Hapo mna vizibo 100, na mtoto wa darasa la kwanza ataona kwa macho yake maana ya makumi na mamoja. Kwa wakubwa, chukueni kipande cha mbao, mchore vyumba 64, vinane kwa vinane, mkivipaka rangi kimoja na kuacha kimoja. Vizibo 12 vilazwe kifudifudi na 12 chali: hiyo ni drafti kamili. Nadhani wazee waliopo hapa hawahitaji kufundishwa namna ya kuicheza.

Kadi za mwaliko na karatasi za ratiba ya ibada zina kazi mbili. Zile ngumu zikateni vipande vya ukubwa wa kiganja, mwandike herufi au silabi upande usio na maandishi, mkamwachie mtoto apange maneno. Zile laini zichaneni vipande vyembamba, mzilowe katika uji mwepesi wa unga wa ngano, kisha mzibandike tabaka kwa tabaka juu ya bakuli lililopakwa mafuta. Baada ya tabaka nane hivi, anikeni juani siku mbili au tatu, mbandue. Mtapata bakuli jepesi la kuwekea nyuzi, kalamu au maharagwe makavu. Msitie ndani yake kitu chenye maji, wala msijaribu kazi hii kwa kadi zenye ngozi ya plastiki, maana hazilowani.

Sasa nije kwa vitambaa na tepe, na hapa nawaomba akina mama wanisikilize kwa makini. Vitambaa vya mapambo vya siku hizi vingi si pamba, ni nailoni. Ili kutambua, chomoeni uzi mmoja, mwuguse kwa moto wa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni hujikunja, huyeyuka, na kuacha punje ngumu. Kitambaa cha pamba kinafaa kushonwa vishikio vya sufuria. Cha nailoni kisitumiwe jikoni hata kidogo, kwa sababu kikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi ya mkono. Lakini nailoni haiozi upesi, nayo inafaa kwa vyondo. Akina mama wa Ukambani na wa Ukikuyu wamesuka vyondo vya katani tangu zamani, wakisokota nyuzi kwa kiganja juu ya paja. Kateni kitambaa na tepe ziwe vipande virefu vyembamba, mvisokote vivyo hivyo, mvichanganye na katani. Kiondo cha namna hiyo huvumilia mvua na mizigo.

Vipande vya mishumaa vikusanywe katika kopo safi, na kopo hilo liwekwe ndani ya sufuria yenye maji juu ya moto mdogo. Nta isiyeyushwe juu ya moto wenyewe, kwa kuwa huweza kuwaka ghafula. Ikiwaka, msimwage maji kamwe: funikeni kwa kifuniko na kuondoa moto. Chukueni makopo madogo, msimamishe utambi wa uzi wa pamba katikati ya kila moja, mkaimimine nta taratibu. Mshumaa huo utawaka ndani ya kopo lake, na siku umeme utakapokatika hamtatumwa dukani usiku.

Baluni zilizo nzima ziwekwe kwa sherehe nyingine. Zilizopasuka zikusanywe siku ile ile, hata kipande kidogo, kwa sababu mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani, na kipande cha baluni chaweza kumziba pumzi. Shingo zake zikikatwa pete pete huwa mipira ya kufungia vifuko vya mbegu na vitabu.

Labda wako watu watakaosema, "Bwana huyu anatufundisha kuokota takataka kama maskini." Mimi nawajibu kwamba aibu haimo katika kuokota. Mtu anayekopa fedha ili apambe lango, akayachoma mapambo kesho yake, kisha akaendelea kulipa deni mwaka mzima, huyo ndiye anayetupa fedha zake motoni. Na yule asemaye kwamba moto unatosha, na akumbuke kwamba moshi wa plastiki una sumu, na wanaouvuta ni watoto wake mwenyewe. Wahenga walisema, "Usitupe mbachao kwa msala upitao."

Wengine watasema kwamba jambo hili limekwisha, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku katika Kenya tangu tarehe 28 Agosti, 2017. Ni kweli, na ni sheria njema. Lakini haikukataza chupa, wala baluni, wala utepe, wala vikombe vya sherehe. Ng'ombe hajui ni kipi kilichotajwa katika sheria na ni kipi kilichosahauliwa.

Kwa hiyo nina ombi moja la mwisho. Kazi hizi zote nilizozitaja ni njema, lakini iliyo bora kuliko zote ni kutonunua kitu kipya pale ambapo cha zamani kipo. Kila kikundi cha akina mama na kiwe na sanduku moja la sherehe. Baada ya arusi, mapambo yaliyo mazima yafuliwe, yakunjwe, yatiwe sandukuni, yaandikwe katika daftari. Nyumba itakayofuata kuoza iyaazime kwa ada ndogo, na ada hiyo inunue vilivyopungua. Haba na haba hujaza kibaba. Utepe mmoja ukipamba malango kumi, maboma tisa yatakuwa yamebakiza fedha zao kwa karo.

Sisi nyumbani tulijifunza baada ya hasara. Tepe zilizosalia sandukuni mwa dada yangu, mama alizitoa zote, akazisokota pamoja na katani, akasuka kiondo. Kilipokwisha hakukiweka. Alikipeleka kwa jirani yule, wakakaa pamoja mpaka jioni, nami sikuambiwa walizungumza nini. Mtamba alipokua na kuzaa, tulimwona mama mjane akipita njiani asubuhi kwenda kuuza maziwa, na chupa zake zilikuwa ndani ya kiondo kile.

Mabibi na Mabwana, arusi zitaendelea, na ni furaha yetu ziendelee. Chezeni, mle, mwimbe. Lakini mgeni wa mwisho akiisha kwenda zake, wenyeji wasilale kabla ya kuuliza: kilichobaki uwanjani petu kesho kitakuwa kwa nani?